Neno la Mchumba

Zamani, vitabu vilipokuwa bado vinachapwa kwa herufi za risasi zilizopangwa moja moja kwa mkono, palikuwa na mpanga herufi ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Msamiati. Kutwa alisimama mbele ya visanduku vyake akisoma maneno ya Kiingereza kinyumenyume, maana herufi za chapa hupangwa zikiwa zimegeuka kama sura kwenye kioo. Jioni alirudi nyumbani na vidole vyeusi na neno moja jipya. Mkewe hakuruhusiwa kutia upawa chunguni kabla watoto wote hawajalitamka.

Aliyeyapenda maneno hayo kupita wote ni binti yake wa mwisho, Kitindamimba. Hata leo, yeye mwenyewe akiwa na wajukuu, akisikia harufu ya wino meza ile humrudia moyoni. “Ubiquitous”, kilichoenea kila mahali, kama nzi. “Procrastinate”, kuahirisha mambo, kama mjomba wenu na paa lake linalovuja. Walicheka mpaka chakula kikapoa. Raha ya jioni zile haisimuliki, na wala hairudi.

Mzee Msamiati hakuwa na kamusi, wala hakuitaka. “Kamusi ni mkongojo,” alisema, “na mimi miguu ninayo.” Njia yake ilikuwa kulikata neno vipande. “Visible” ni kinachoonekana. Tia “in” mbele, hakionekani. “Correct” ni sahihi. “Incorrect”, si sahihi. Hiyo “in” ni hapana, aliwafundisha wanawe, na hapana haina mjadala. Amuulize mtu? Thubutu! Watu ndio waliokuja kumuuliza yeye.

Kitindamimba akakua, akapendana na kijana muuza dawa wa duka la kona. Kijana alikuja kuposa, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa gumu, ameongozana na baba yake mdogo. Mazungumzo yalikwenda vizuri, na Kitindamimba, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia, alikwishaanza kutabasamu. Ndipo kijana akataka kumfurahisha mkwe kwa lugha aipendayo. Akasimama, akakohoa kidogo, akasema kwamba binti huyo kwake ni “invaluable”.

Mzee Msamiati aliweka kikombe chini. “Valuable” ni chenye thamani. Na “in”?

“Umekuja nyumbani kwangu,” alisema, “unywe chai yangu, halafu uniambie mwanangu hana thamani?”

“Hapana, Mzee, neno hilo…”

“Unifundishe neno mimi? Mlango ule pale!”

Baba mdogo naye akapandwa na hasira. “Hatukuja kutukanwa hapa,” akasema, akamshika kijana mkono wakatoka. Posa ikavunjika hivyo hivyo, chai ikiwa haijamalizika.

“Baba watoto, si uulize kwanza?” mkewe alimwambia.

“Nimuulize nani, mke wangu? Mtaa mzima unaniuliza mimi! Leo nikamuulize muuza vidonge?”

“Kijana anasema maana yake ni kinyume chake, Baba,” Kitindamimba alisema, macho yamemvimba.

“Ulitaka aseme nini? Mwizi gani anajishitaki?”

Chakula cha jioni kikawa kimya. Mzee alileta maneno yake kama kawaida, na kila mara Kitindamimba aliyatamka bila kuinua uso. Siku moja hata hilo hakulifanya. Aliitazama sahani yake, akasema taratibu, “Mimi maneno yamenitosha, Baba.” Akaondoka mezani. Mzee alibaki akikitazama kiti kile. Alimpenda yule mtoto kuliko maneno yote aliyowahi kuyapanga, na kwa mara ya kwanza alihofu kwamba angempoteza.

Asubuhi hakwenda kiwandani kupanga herufi. Alikwenda dukani kwa muuza dawa, akapanga foleni nyuma ya mama mwenye mtoto anayekohoa. Zamu yake ilipofika, kijana aliganda na chupa mkononi.

“Shikamoo, Mzee. Unaumwa?”

“Marahaba. Naumwa na neno lako.” Watu wa foleni walikuwa wanasikia, na wote walimjua. “Sikulijua, mwanangu. Maana yake nini?”

Kijana aliiweka chupa chini. “Ni kitu chenye thamani kubwa hadi hakuna awezaye kukitia bei, Mzee. Hiyo ‘in’ inakataa kipimo. Thamani haiikatai.”

Mzee Msamiati aliegemea kaunta. “Kumbe,” alisema. Akasema tena, “Kumbe.” Kisha akafoka, “Sasa Kiswahili kilikuwa na ubaya gani?”

“Niliogopa utaniona sikusoma.”

Mama mwenye mtoto ndiye aliyeanza kucheka, duka zima likafuata. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. “Mlete baba yako mdogo,” alisema. “Nitamwomba radhi mwenyewe.”

Walioana. Mzee ametangulia mbele ya haki siku nyingi, na maneno makubwa aliyowafundisha wanawe mengi yamesahauliwa. Lakini Kitindamimba na mumewe hadi leo wanalitaja swali moja lililowapa nyumba, watoto na wajukuu, lililotoka kinywani mwa mtu aliyejua maneno kuliko mtaa mzima. Mwenye shaka na awatazame wawili hao: kuuliza si ujinga.