Homa ya Shekhe Jabiri

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani ambao leo kuta zake zimeota nyasi, aliishi mja mwema aitwaye Shekhe Jabiri bin Haithami. Alisoma Zabidi, nchi ya Yemeni, miaka saba, akarudi kwao na sanduku la vitabu na ndevu ambazo hakuondoka nazo. Watu wakampokea kwa dufu, wakamkalisha kwenye zulia la darsa, na tangu hapo ikawa hakuna ndoa, mirathi wala ugomvi wa mpaka wa shamba usiofikishwa kwake.

Lakini lilikuwapo jambo asilolijua mtu. Katika mwaka wake wa tano huko Zabidi alishikwa na homa, akalala siku arobaini. Alipopata nafuu, wenzake walikuwa wamekwisha kuusoma mlango mzima wa talaka na edda, wakaendelea mbele. Akaona haya kumwomba mwalimu arudie kwa ajili yake. Alijiambia atausoma peke yake, na kila alipoufungua alijiona kama mtu anayechungulia nyumba asiyoalikwa. Ijaza yake, hati ya idhini ya kufundisha, ilipoandikwa, mlango ule ukatajwa pamoja na mingine. Akaipokea kwa mikono miwili, akanyamaza.

Miaka kumi na moja ikapita. Kila aliposifiwa, alihisi anasifiwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Wala msidhani hakujaribu kusema. Siku moja aliwaambia watu darsani, "Jamani, mimi si mwanachuoni mnayemdhania."

Bwana Mahfudhi, mwadhini wa msikiti, akafuta machozi. "Sikieni tawadhu hiyo, unyenyekevu huo," akasema. "Wenye elimu ya kweli ndivyo walivyo."

Siku nyingine akasema elimu yake ni tone tu. Wakaja watu kutoka mji wa jirani kumtazama shekhe mnyenyekevu kiasi hicho. Kadiri alivyojishusha ndivyo walivyomwongezea mito ya kuegemea, hata ikawa akikaa haonekani vizuri.

Ndipo akaja Shufaa binti Makame, akakaa nyuma ya pazia la wanawake. Mumewe alisafiri miaka sita iliyopita na hakuna aliyesikia habari zake. Sasa ametokea mtu mwema anamposa.

"Shekhe, mimi sitaki mengi," alisema Shufaa. "Nataka kujua kama mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu."

Shekhe Jabiri akayapima majibu yote mawili moyoni. Akisema ndiyo kwa kukosea, amemzika mwanamke yule angali hai. Akisema hapana kwa kukosea, amemtia mke wa mtu katika nyumba ya mtu mwingine, na dhambi ile ataibeba yeye.

"Njoo baada ya Ijumaa," akamwambia.

"Mnaona anavyopima maneno," Bwana Mahfudhi akamnong'oneza jirani yake.

Alasiri hiyo Shekhe akaenda kwa Mwana Rehani, bibi aliyemfundisha alifu na be utotoni, na ambaye sasa husomesha wanawake wa mji. Alimkuta ukumbini akipepeta mchele.

"Shikamoo, Mwana."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso kama umefiwa?"

"Mwana, mimi ni mwongo."

"Umesema uwongo gani?"

"Mimi mzima."

"Ah, huo mkubwa. Kaa kitako kwanza."

Akamweleza yote, homa, haya, ijaza, na Shufaa. Bibi aliendelea kupepeta mpaka mwisho.

"Mlango wa sala je?"

"Huo naujua."

"Mirathi?"

"Naijua."

"Unaijua au unajidai?"

Shekhe akafikiri. "Naijua, Mwana."

"Basi si mwongo mzima. Wewe ni mtu aliyeumwa akakosa darsa." Akauweka ungo chini. "Sasa nisikilize. Mimi nasomesha mwaka wa thelathini huu. Kila Alhamisi, kabla wanawake hawajafika, naingia chooni mara tatu. Nasema leo watanigundua. Sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu."

"Wewe, Mwana?"

"Mimi. Na kwa nini hukuniambia yako miaka yote hii?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Wakatazamana, wakacheka mpaka kuku wakaja kula mchele na hakuna aliyewafukuza.

"Lakini watu nimewaambia mara nyingi," akasema Shekhe. "Hawasikii."

"Umewaambia wewe si kitu. Hilo mashekhe wote husema, na watu hulipenda. Umewaambia ni mlango gani hukuusoma?"

Shekhe akainuka, akawafukuza kuku.

Siku iliyofuata Ijumaa darsa likajaa. Shekhe Jabiri akaisogeza mito kando, akasema, "Shufaa, swali lako silijui jibu lake. Mlango wa talaka na edda sikuusoma kwa mwalimu. Ijaza yangu inasema niliusoma, na si kweli."

"Subhanallah," Bwana Mahfudhi akaanza, "tawadhu ya namna hii…"

"Bwana Mahfudhi, hii si tawadhu. Ni homa. Siku arobaini, na nywele zikaning'oka."

Mzee mmoja akachukua bakora yake akatoka, na wengine wanne wakamfuata. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Nimekwisha kuuliza watu wanne," alisema Shufaa. "Wote walinijibu papo hapo, kila mmoja na lake. Mimi nitakungoja wewe."

Shekhe akafunga safari kwa kadhi wa mji wa tatu kutoka pale, akakaa miezi miwili kwenye mkeka pamoja na wanafunzi waliokuwa wadogo kwa wanawe, akausoma mlango ule tangu bismillahi. Aliporudi, mashauri ya Shufaa yakapelekwa kwa kadhi yule, mume akatafutwa bandari kwa bandari, asionekane. Kadhi akahukumu kuwa amekufa. Shufaa akakaa edda yake kwa utulivu, kisha akaolewa.

Darsa la Shekhe lilikuwa limepungua nusu. Jioni moja, watu walipokwisha kutawanyika, Bwana Mahfudhi akabaki akizungusha kofia mikononi.

"Shekhe," akasema, "mimi naadhini mwaka wa ishirini sasa. Msahafu naushika, nafunua karatasi, natikisa kichwa. Kusoma sijui. Yote niliyo nayo niliyadaka kwa masikio."

Shekhe Jabiri hakusema mashaallah wala hakumsifu kwa unyenyekevu wake. Alisogea, akampa nafasi kwenye zulia, akafungua juzuu ya watoto, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

Enyi ndugu, kusema "mimi si kitu" ni rahisi, na sisi wasimulizi tumelisema sana, tukapewa chai kwa sababu yake. Kazi iko katika kuutaja mlango wenyewe kwa jina, mbele ya mtu anayekusikia. Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa kuutaja wetu, na atupe masikio siku mwenzetu anapoutaja wake.