Miaka Sita Iliyokatwa Kwenye Risala

Ndugu zangu, nitegeeni masikio kidogo.

Kulikuwa na daktari mmoja mwanamke, wa kwanza kupasua watu katika wilaya yao. Lakini kabla ya kushika kisu, alikaa miaka sita kando ya barabara akiziba pancha za baiskeli. Ndiyo, pancha! Msicheke, ndizo zilizomrudisha shule.

Siku ya kumkaribisha hospitalini, mwenyekiti wa kamati aliandika risala, akamwonyesha kwanza.

"Daktari, hii miaka ya pancha nimeikata. Wagonjwa watakimbia."

"Lakini ndiyo maisha yangu, Mzee."

"Mengine tunayameza, mwanangu. Hapa tunajenga jina."

Daktari akamrudishia karatasi yake. Risala ikasomwa, makofi yakapigwa.

Mwezi haukuisha, mwenyekiti akachomwa pembe ubavuni na fahali wake mwenyewe. Akafikishwa hospitali anatweta, midomo imebadilika rangi. Daktari akampasua kifua, akaliona tundu kwenye pafu, akalishona. Bado upepo unavuja. Wapi? Wakapangusa damu, wakatafuta, hakuna anayeona, na mzee anakwenda. Haya niambieni, fundi baiskeli akifika hapo hufanya nini?

"Leteni maji safi, ya uvuguvugu," akasema daktari. Akayamimina ndani ya kifua mpaka pafu likazama. "Sasa jazeni upepo. Polepole."

Kule nyuma, jicho lisikofika, povu moja likapanda, kisha lingine. Akaweka kidole. "Nimelipata." Akaziba.

Mzee alipopata nguvu ya kuongea, aliushika mkono wa daktari. "Wanasema umeniokoa kwa maji. Chuo gani kinafundisha hivyo?"

"Si chuoni, Mzee. Nilijifunza ile miaka sita uliyoikata."

Mbona mmenyamaza? Si ndio sisi hao wenyeviti? Tukisimama kutoa ushuhuda tunaruka miaka ya kukaanga maandazi, ya kufua nguo za watu, ya kufeli mtihani mara mbili. Tunamwambia Mungu, "Anzia pale nilipovaa suti." Wakati Yeye alikuwa na wewe pale kando ya barabara, mikono imejaa gundi, wala hakukuonea aibu!

Nawaambia bila kusitasita: ipo siku uhai wa mtu utategemea miaka ile unayoificha. Sasa wewe ukishaikata, utamwokoa kwa lipi?