Machela Iliyopigiliwa Ukutani

Ndugu zangu, palikuwa na mzee mmoja wa kanisa, huko milimani kwenye migomba na matope, ambaye hakuvumilia jina la mtu likatwe mkia. Ukisema "Mama Atu," atakusahihisha papo hapo: "Atuganile Mwakalobo. Ndivyo alivyobatizwa."

Huyo Atuganile alikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa. Gari lenyewe lilikomea barabarani, maana njia ya mlimani ililishinda, basi yeye alipanda kwa miguu, machela begani, mpaka mlangoni kwa mgonjwa. Ndivyo alivyomteremsha mke wa mzee wetu, uchungu umemshika katikati ya mvua, na mtoto wao Lusajo akazaliwa salama. Tena Atuganile alikuwa mwalimu. Kila Jumamosi aliwakusanya kina mama na vijana uani mwa kanisa, akawafundisha kufunga jeraha na kubeba mtu. Na mgonjwa wa mazoezi? Mzee wetu, na tai yake shingoni.

"Lala chini, mzee wangu."

"Mwalimu, mimi sijafa!"

"Ndiyo maana tunakimbia. Maiti hana haraka."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akalala kwenye nyasi.

Atuganile alipofariki, mzee hakulia mbele za watu. Alikwenda kwa ndugu wa marehemu akaiomba ile machela. Akaipaka vanishi ikang'aa, akaipigilia ukutani karibu na madhabahu kwa misumari mirefu, na juu yake kibao chenye jina zima, bila herufi kupungua. Mtoto akinyoosha mkono, anaambiwa, "Usiguse!" Mazoezi ya Jumamosi yakafifia.

Mkewe alimwambia, "Baba Lusajo, mwenye machela hakupenda kuiona imekaa bure. Iteremshe, tuendelee kujifunza."

"Mtaichakaza, Mama Lusajo. Hii ni heshima yake."

Ikafika siku ya ibada ya kumkumbuka. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mama Lusajo alikuwa akipanda ngazi za kanisa na maua mikononi, akateleza, akaanguka vibaya. Paja likavunjika.

Mzee aliukimbilia ukuta. Akavuta machela. Haikutoka. Akavuta tena, vidole vikachanika, vikatoka damu. Misumari ilikuwa imeshika sawasawa, kwa kuwa aliipigilia kwa upendo. Akaitisha nyundo. Ndugu zangu, nani huja ibadani na nyundo?

"Acha ukuta, Baba Lusajo!" mkewe akalia kule mlangoni. "Mimi niko huku!"

Mzee akageuka. Kina mama wa kwaya walikuwa wamekwisha kupiga magoti. Mmoja alikuwa akiufunga mguu uliovunjika kwa kanga, pamoja na ule mzima, kama walivyofundishwa. Vijana walikuwa wamelishusha bango la ukumbusho, wakachomoa miti yake miwili. Vitenge vikavuliwa, vikafungwa kwenye miti.

"Mama, umekufa?" akauliza kijana mmoja.

"Sijafa, mjinga wee!"

"Basi tunakimbia."

Wakateremka naye mlimani. Mzee aliwafuata nyuma, mikono ikimvuja damu, na katika kila neno waliloambiana alimsikia Atuganile Mwakalobo.

Mama Lusajo alipona, ingawa polepole. Mumewe aliing'oa misumari kwa mkono wake. Siku hizi machela inasimama nyuma ya mlango wa kanisa, vanishi imebanduka, ina matope. Kibao kiko palepale, juu ya matundu.

Sasa sisi. Tumempigilia nani ukutani? Ni wangapi tumewaimbia, tukawapamba, tukawaweka juu, mahali ambapo hawawezi tena kutusumbua? Siku ile ya matope, Atuganile alikuwa wapi: ukutani, au mikononi mwa wale waliobeba? Jina tulitunze, na tulitunze zima. Lakini kazi yake tusiifungie, yeye hakuifungia.

Jumamosi tunaanza hapa kwetu, uani. Njoo na kitenge chako. Na wewe unayesema huna nguvu za kubeba, kazi yako ipo pia: utalala chini, tujifunzie kwako.