Kindi Aliyewasomea Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa sare na kuitikia majina asubuhi, palikuwa na shule ya sekondari bondeni, penye mikaratusi. Mwaka huo watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa watatu tu: Kiboko, Nyati na Kindi. Vitabu navyo vilikuwa sita, kimoja kwa kila somo: Hisabati, Biolojia, Kemia, Jiografia, Historia na Kiswahili. Desturi ya shule ilikuwa kusoma kwa zamu. Leo kwako, kesho kwa mwenzako.

Zilipobaki wiki sita kufika mtihani, Kiboko na Nyati walivichukua vitabu vyote. Kiboko alivikalia vitatu, Nyati akavilalia vitatu. Kindi alipokwenda kudai zamu yake, aliambiwa asubiri.

"Nisubiri mpaka lini, kaka Nyati?"

"Mpaka tumalize."

"Mmefika ukurasa wa ngapi?"

Nyati alimtazama Kiboko. Kiboko akatazama mawingu.

Kindi alirudi nyumbani analia. Mama yake alikuwa sebuleni anabangua korosho, vidole vimeungua kwa utomvu. Hakuinuka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha kwamba nyumba ile haina uwezo wa kumlipia arudie darasa. Akifeli, korosho zile zinamsubiri, leo na kesho na miaka yote.

"Machozi hayajibu swali, mwanangu," alisema. "Nipishe, unanizibia mwanga."

Basi siku ya pili Kindi alikaa kwenye tawi akawachunguza wale wawili. Ilikuwa saa nane mchana, jua limesimama, majani ya mikaratusi yananukia kama dawa ya kifua. Kiboko alifungua Jiografia. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu kope zikamshuka taratibu, kama pazia linaloteremshwa, na kichwa kikagota ukurasani. Pu!

Kiboko alipozinduka, Kindi akashuka mtini. Aliwaamkia kwa adabu, akawaambia anawaonea huruma. Jasho lote lile la kufuata herufi ndogo kama chawa, wakati wao ni wakubwa! Akawauliza kama wamewahi kumwona mfalme anajisomea barua yake.

"Wakubwa hawasomi," alisema Kindi. "Wakubwa husomewa."

Kiboko akalirudia neno hilo mdomoni. Lilimkaa vizuri. Lakini Nyati hakuwa mjinga kiasi hicho. Alijua Kindi ana miguu myepesi, na kitabu kikipanda mtini hakirudi. Akaamuru kila kitabu kinachosomwa kifungwe kamba, na ncha ya pili ya kamba ifungwe kwenye pembe yake. Vingine vibaki chini ya vichwa vyao.

"Ukivuta tu, nitajua," alisema.

Kindi akajibu kwamba hiyo ni haki yake kabisa.

Basi kila mchana, baada ya ugali na maharage, wakubwa walijilaza chini ya mikaratusi na Kindi akasoma. Alisoma kwa sauti ya chini, ya mfululizo, kama nyuki ndani ya mzinga. Hakuruka neno. Mwanzoni mwa kila sura aliwauliza kama aendelee, nao wakajibu, "Mmm." Halafu ukaja mkoromo. Khooo! Khooo! Upepo ukapita, vivuli vikasogea, na bonde zima likawa kama limo ndani ya chungu cha maziwa ya moto.

Masomo yakaingia katika ndoto za wale wawili na kubadilika humo humo. Kindi aliposoma mvua inavyofanyika, Kiboko alijiona anaogelea angani, mawingu yakimbeba tumbo. Aliposoma vita vya wafalme wa zamani, Nyati alitikisa kwato usingizini, akishinda kila vita. Kindi naye, kwa ncha ya mkia, alikokotoa hesabu mchangani, akafuta, akakokotoa tena.

Jua likipoa, waliamka.

"Tumefika wapi?" Kiboko aliuliza huku anajinyoosha.

"Tumemaliza sura ya nne."

"Vizuri. Nimeelewa yote."

Jioni moja Kindi alishindwa kumeza chakula. Alimuuliza mama yake kama anafanya dhambi. Mama alimuuliza kama ameficha neno lolote kitabuni, au amewakataza kufumbua macho. Kindi akasema hapana, hajawahi.

"Basi kula, ukafue sare yako."

Siku ya mtihani ikafika. Kindi aliandika bila kuinua kichwa. Kiboko alisoma swali la mito, akatabasamu, maana alikuwa na uhakika amewahi kufika huko. Akaandika kwamba mito yote huanzia mawinguni, na maji yake ni ya uvuguvugu. Nyati aliulizwa mimea hutengenezaje chakula chake. Akakumbuka nyasi, nyingi, za kijani, zikiinama. Akaandika, "Vizuri sana."

Matokeo yalipobandikwa mlangoni pa ofisi, Kindi alikuwa daraja la kwanza. Wenzake walikuwa na sifuri, wote wawili, na vumbi likatimka kwa hasira yao.

Walimkokota Kindi hadi kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Korongo, wakamshtaki wizi. Walidai ameiba elimu iliyokuwa mikononi mwao. Mwalimu Korongo aliwauliza kama kuna kitabu kilichopotea. Hakuna. Akauliza kama Kindi alisoma kimoyomoyo. Hapana, alisoma kwa sauti.

"Basi hakutusomea sawasawa," Nyati alinguruma. "Alituwekea uchawi kwenye maneno. Afukuzwe, na jina lake lifutwe kwenye matokeo!"

Kindi aliziona akilini zile korosho, na vidole vya mama yake.

Mwalimu Korongo akavaa miwani. Alichukua kitabu cha Biolojia, kilichokuwa kimerudishwa rafuni baada ya mtihani, akampa Kindi, akamwambia asome sura ya kwanza hapo hapo, naye atasikiliza kama kuna uchawi.

Kindi akafungua kitabu, akaanza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu mwalimu aligeuka kuwaambia washtaki wasikilize vizuri.

Khooo! Kiboko alikuwa amelala mlangoni. Nyati alikuwa amelalia meza ya mwalimu, kope zimefungwa, uso umejaa amani.

"Endelea, binti yangu," Mwalimu Korongo alinong'ona. "Tusiwaamshe."

Nanyi mnaosikiliza huku mmefumba macho, hadithi imekoma: elimu haimfuati mtu usingizini.