Nyati na Baiskeli Inayousikia Moyo

"Jamani, nina ngano mdomoni!"
"Iteme tuione!"
"Ina miguu mifupi!"
"Iache itembee!"

Basi hapo kale, si kale sana maana baiskeli zilishakuwako, Nyati alikuwa mchukuzi wa Mlima Kipanda. Wanyama wa kule juu hawakuwa na chumvi. Chumvi ilitoka bondeni, na njia ya bondeni ni mawe matupu. Nani wa kuibeba? Nyati. Anapanda, hmmf, hmmf, hmmf, anafika juu, anatua gunia, anasema, "Nusu yangu, nusu yenu."

Nusu nzima! Bi Nungunungu akinung'unika, Nyati anamwambia, "Basi kabebeni wenyewe." Wanampa nusu yake, na juu ya nusu wanampa sifa. Na Nyati alizipenda sifa kuliko hiyo chumvi.

Siku moja yuko katikati ya mlima, jasho linamtiririka mpaka kwenye kwato, akasikia nyuma yake: ziii, ziii, tki! Akageuka. Nani? Pimbi! Yule Pimbi wa majabalini, asiyejaa hata sikio la Nyati. Kasimama juu ya pedali za baiskeli ya mlimani, matairi manene yenye meno, gunia nyuma, anapiga mluzi.

"Shikamoo, Mzee Nyati!" Ziii, tki! Huyo, kapita.

Nyati akaliitikia vumbi marahaba.

Alipofika juu akakuta chumvi imeshagawiwa. Pimbi kachukua kiganja kimoja tu, na wanyama wamemzunguka.

"Ina betri," Pimbi anaeleza. "Naichaji kwa sola, palepale ninapoota jua. Nikikanyaga, umeme unanisukuma. Na gia sibadilishi mimi. Kilima kikizidi, tki, inajishusha, miguu inakuwa myepesi. Kilima kikipungua, tki, inajipandisha."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Huyu ndiye fundi!" akasema Bi Nungunungu. "Na hata jasho hana!"

Loo! Neno lile lilimchoma Nyati. Siku ile hakula. Akiinamia majani, anasikia ziii. Akifumba macho, anasikia tki. Akaitazama miguu yake minene, ile aliyokuwa akiringa nayo, akaiona kama magogo. Kwa nini yeye? Mimi nina pembe, mimi nina kifua. Yeye ana nini? Hata mkia hana! Na kilichomuuma zaidi si chumvi. Hakuna hata mmoja aliyemwambia pole na safari.

Asubuhi akamzibia Pimbi njia kule bondeni.

"Shuka. Baiskeli ni yangu tangu leo. Na habari ya nusu imekwisha. Nitachukua gunia, nitawaachia vumbi lake walambe."

Pimbi akatazama pembe. Akatazama kwato. Akashuka.

"Chukua, mkubwa. Ila sijui kama itakupeleka."

"Kwa nini isinipeleke?"

"Unadhani inajuaje wakati wa kubadilisha gia? Inausikia moyo wa anayeiendesha. Moyo ukiwa na wivu, inaona mzigo umezidi, inaganda. Lakini wewe huna wivu, sivyo?"

"Wivu? Mimi? Nimwonee nani?"

"Ndivyo nilivyojua. Basi nikae nyuma, nikuelekeze mara hii tu."

Nyati akapanda, matairi yakalia fyuu! Pimbi akaketi kwenye keria, juu ya gunia, mkono mmoja chini ya kiti. Huko ndiko iliko swichi ya betri, na Nyati hakuijua.

Ziii, tki! Nyati akacheka kwa raha. Kumbe rahisi hivi! Kisha raha ikageuka uchungu: kumbe huyu kidudu alikuwa akiipata raha hii kila siku, peke yake? "Kidudu hiki," akanguruma.

Ta! Pimbi kazima swichi. Umeme ukakatika, na gia nazo, kwa kuwa zinakula betri ileile, zikaganda palepale kwenye gia nzito. Krrr. Pedali kama zimejengewa saruji.

"Nini tena?"

"Umewaza nini, mkubwa?"

"Sijawaza kitu!"

"Basi imesikia hicho kitu. Hebu nisifu kidogo, tuone."

Nyati akasaga meno. "Pimbi... si mbaya."

Krrr.

"Pimbi ana akili!"

Ta! Ziii, tki!

Safari ikawa ndiyo hiyo. Akisifu, ziii. Akinyamaza, krrr. Kilima kikawa kikali, na sifa nazo ikabidi ziwe kali. "Pimbi ni hodari!" Ziii. "Pimbi ni hodari kuliko mimi!" Ziii, tki! Kwenye kona ya mwisho baiskeli ikagoma kabisa.

"Bado kuna kitu moyoni," Pimbi akamnong'oneza. "Kitoe."

Macho mekundu, povu mdomoni, Nyati akapaza sauti, "Ile nusu niliyokuwa nikichukua ni wizi! Mchukuzi ni Pimbi!"

Ziii! Wakaibuka kileleni, mbele ya wanyama wote, ambao walikuwa wakimsikia tangu chini.

Bi Nungunungu akapiga kigelegele. "Baba Nyati kasema mwenyewe!" Wakakubaliana hapohapo: mchukuzi ni Pimbi, na ujira ni kiganja kimoja.

"Haya," Nyati akasema akihema. "Uchukuzi chukueni. Baiskeli ni yangu."

"Ni yako kabisa," akasema Pimbi. Akashusha gunia, akachomoa betri, ambayo Nyati alilisikia jina lake tu bila kuijua sura, akaikumbatia. "Mimi naenda na mto wangu wa kulalia."

Nyati akabaki na baiskeli. Akakanyaga. Krrr. Akasifu. Krrr. Akamsifu Pimbi, akamsifu mama yake Pimbi, akayasifu mawe anayokalia. Krrr. Mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akashuka, akaikokota mpaka jabalini, akaisimamisha mbele ya Pimbi.

"Chukua," akasema, uso chini. "Inanijua mno."

Tangu siku hiyo Nyati alihamia ndani ya msitu, mbali na njia. Lakini upepo ukileta ile ziii, yeye huacha kutafuna. Husema polepole, "Pimbi ni hodari." Kisha husikiliza moyo wake, kama umelainika.

Bado.

"Ngano nimeitua! Funzo mnalitaka?"
"Lete!"
"Semeni kweli siku zote, kama Pimbi."
"Pimbi alidanganya!"
"Basi kama Nyati. Yeye alisema kweli njia nzima, na mmeona kilichompata. Haya, mwenye mgongo aibebe ngano hii, mimi nimechoka."