Kwa Nini Kidenenda Ana Michirizi Mgongoni

Enzi zile ndege walikuwa wakialikana kwenda kuona mayai. Aliyetaga alipanda tawi la juu, akatangaza, na majirani wote wakaja kumpongeza. Hata Mwewe alialikwa. Kumwacha jirani bila habari kulikuwa kukosa adabu.

Kidenenda, ndege mdogo, aliishi juu ya mkuyu pembeni mwa mbuga. Mwili wake ulikuwa wa manjano, na chakula chake kilikuwa kuyu. Alitaga, akatangaza. Mwewe akaja, akapongeza, na wageni walipotawanyika akarudi peke yake. Kiota kikabaki kitupu. Alipotaga tena, mambo yakawa yale yale.

Alipohisi mayai mengine tumboni, alimwambia mumewe, "Safari hii sitangazi."

"Mama watoto, watu watasemaje?"

"Watoto gani, baba? Waache waseme. Mimi nataka vifaranga."

Akashuka majanini. Aliushona unyasi kwa unyasi kwa utando wa buibui, hadi kikapatikana kifuko chenye mdomo juu. Akataga humo. Kuyu zilikuwa mbali na hakuthubutu kutoka, kwa hiyo kiwavi alipopita, alimdonoa huku amefumba macho. Akafumbua. Akatafuta mwingine.

Mchana mmoja kivuli kilipita juu ya nyasi.

"Jirani!" Mwewe aliita. "Umehama bila kuaga? Siku hizi hatualikwi?"

Kidenenda akajitazama. Manjano matupu, katikati ya nyasi kavu! Kivuli kilipogeukia upande wa pili, alichomoka mbio hadi mahali wachungaji walipochoma nyasi, akajigaragaza kwenye masizi na vumbi, akarudi akijipenyeza kati ya mashina. Nyasi zikamkwangua mgongo. Zilipopita ziliondoa masizi, ambapo hazikupita yakabaki. Akajibanza juu ya mayai.

Mwewe akatua karibu kabisa. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Aliona nyasi.

"Nakusikia unapumua, jirani!"

Akainua mguu kupapasa. Hapo sauti ikapasuka angani: "Tsi! Tsi! Huku, mla watoto wa watu! Mwili wote huo, hata mimi hunishiki?"

Alikuwa mume wa Kidenenda. Mwewe akapaa kwa hasira. Dume akapanda, akashuka, akapanda tena, kila mruko na mlio wake, na kila kucha zilipofumba zilifumba hewa. Walizunguka mbuga nzima hivyo, hadi Mwewe akaishiwa pumzi na kwenda zake akitukana.

Chini, chini ya tumbo la mama, yai likapata ufa.

Tangu mchana ule kidenenda ni wa rangi ya nyasi kavu, ana michirizi myeusi mgongoni, hakai mkuyuni, na chakula chake ni viwavi, panzi na buibui. Mvua zikianza, ukipita mbugani utamsikia dume juu akirukaruka: tsi, tsi, tsi. Anataka umtazame yeye. Wewe angalia unapokanyaga.