Mbolea ya Kuku na Mtamba wa Namkunda

Hapo zamani, kule milimani Upare, alikuwepo mjane mmoja, Namkunda. Shamba lake lilikuwa limechoka, limechoka hasa. Mhindi unachungulia, unaona hali, unarudi chini. Nimeliona kwa macho haya mawili. Anayebisha na aende zake.

Shemeji zake wakamwambia, "Msimu huu lisipotoa, tunalichukua."

Namkunda akasema, "Atakayelifufua, mtamba wangu ni wake." Na ng'ombe alikuwa naye huyo huyo mmoja.

Akaja Mrutu, mfuga kuku. Kuku elfu tisa, wakikohoa pamoja mawe yanaporomoka. Mwaka wa nyuma alimwaga mbolea yao mbichi shambani kwake, mahindi yakaungua yote. Akasema, "Mama, zoa yote bandani. Mimi imenishinda."

Namkunda akaizoa mpaka kwake. Akaja Kiangi, mkulima. "Hii ina moto ndani," akasema. Akairundika, akaifunika majani ya migomba mvua isiioshe nguvu, akaigeuza siku arobaini. Rundo likafuka moshi. Mimi nilifukia viazi humo, vikaiva, nikala.

Siku ya kupanda, Kiangi akataka kuimwaga yote. Jirani, bibi Nakiete, akamshika mkono.

"We baba, unalilisha shamba au unalizika? Konzi moja kila shimo. Changanya na udongo, ndio utie mbegu."

Jamani, mahindi yalitoka. Yalipanda mpaka tukaogopa. Watu wakipita pale wanavua kofia, wanasema kwa kunong'ona. Hindi moja tulibeba wanaume wanne, na mbele nilikuwa mimi. Wale shemeji walikuja na kamba za kupimia mipaka. Wakatazama juu, wakatazama juu, wakakunja kamba zao, wakarudi kwao.

Namkunda akamfungua mtamba.

Mrutu akasema, "Wangu. Mbolea imetoka kwangu, na shamba langu ndilo lililoungua mkajifunza."

Kiangi akasema, "Ulitoa sumu wewe. Aliyeigeuza chakula ni mimi."

Nakiete akacheka. "Chakula chenyewe ulitaka kukimwaga chote. Tungevuna majivu."

"Basi tumchinje tugawane," Mrutu akasema.

"Ana mimba," Namkunda akajibu. "Hachinjwi."

Akasimama na kamba mkononi, mtamba anacheua, watatu wamenyoosha mikono. Haya, nyie mliokaa, msiangalie chini. Kamba ile, nani alistahili kuishika?